Dakika Tatu za Maskati

Sisi watu wa Siyu hatukuumbiwa simu ya dakika tatu. Nalisema hili mapema ili nisije nikaambiwa natia chumvi huko mbele. Mtu wa kwetu akikutana nawe njiani, hata kama ana gunia la nazi kichwani, atasimama akuulize hali yako, na ya mamako, na ya watoto, na ya yule mgonjwa aliyemsikia juzi. Ukimaliza kumjibu, wewe nawe utamuuliza yake, moja moja, na yeye atakujibu moja moja, kwa sababu kujibu kwa mkato ni kumwambia mwenzio kwamba hana thamani. Nazi zitangoja. Marehemu nyanya yangu alikuwa akianza kumwamkia jirani wa dirisha la pili kabla ya kunywa chai, na chai ikipoa palepale mkononi mwake, na wala hakuona kwamba amepoteza kitu.

Tulihamia Malindi nikiwa mdogo, tukakaa Shela, mitaa ya mji wa kale. Mengi tuliyaacha kisiwani, salamu tukaja nazo.

Mwaka huo ninaousema ni wa themanini na nne. Nyumbani tulikuwa mimi na mama yangu, Mwanamina, na nyumba ya pili akikaa ami yangu Badawi, mdogo wake baba. Baba mwenyewe, Muhidin, alikuwa Maskati, analinda maghala ya tajiri mmoja. Alikwenda nikiwa bado navaa sare za shule, akawa haji, kila mwaka anasema mwaka ujao. Kuandika hakujui. Barua zake aliandikiwa na yeyote aliyekuwa karibu, kwa hivyo mara zilikuja kwa mwandiko wa mtu wa Lamu, mara wa mtu wa Pemba, na kila mwandishi akimtilia baba maneno yake mwenyewe. Mama alikuwa akisomewa, anacheka, anasema huyu si mume wangu, mume wangu hajui kusema "mpenzi".

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Abubakr alikuja na wazee wake kuniposa. Alikuwa fundi wa redio, ana kibanda chake Muyeye, mtu mpole, mikono yake ina harufu ya risasi ya kuchomea nyaya. Nilimpenda, sitaki kuzungukazunguka. Mama naye alimpenda. Ami Badawi hakusema kitu kibaya juu yake. Alisema tu kwamba watu wa kwao hatuwajui vizuri, na kwamba walii wangu ni baba, na maadamu baba yu hai, yeye hawezi kuniozesha ila baba amwakilishe.

Hapo alikuwa kwenye haki, siwezi kumsingizia. Lakini ilipofika barua ya baba kwamba ameridhia, na Badawi amwozeshe binti yake kwa huyo kijana, ami aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma akasema karatasi haina sauti. Nani aliyeiandika? Hatumjui. Yeye ataka kumsikia kaka yake kwa masikio yake, na mashahidi wawili wamsikie pia. Na kama haikuwezekana kumsikia, basi baba atahesabiwa ameghibu, hayupo, na yeye ami ndiye walii, na yeye ana mtu wake.

Mtu wake alikuwa Bwana Shekuwe, mfanyabiashara wa vitambaa wa Mombasa, mjane, rika la ami, mwenye tumbo lililotangulia mlangoni yeye akafuata. Mtu mzuri, wasema. Ami aliniambia kwa upole kabisa kwamba kigori akiulizwa, kimya chake ni ridhaa. Nikamwambia, "Ami, mimi unanijua. Lini umenisikia nimenyamaza?" Mama akanifinya. Lakini usiku ule sikula, kwa sababu nilijua kwamba mbele ya watu wazima wote wale sauti yangu ingeitwa utovu wa adabu, na ndoa ingeitwa ndoa.

Ndipo akaja jirani yetu Uthman, ametoka Maskati kwa likizo. Hata kabla hajafungua masanduku alikuja kwetu na ujumbe. Baba anahamishwa. Jumamosi inayokuja atapelekwa jangwani, kwenye kambi ya wachimba mafuta, mkataba wa miaka miwili, na huko hakuna simu wala njia ya kumpata mtu. Lakini Ijumaa, baada ya swala, atakuwa chumbani kwake anafunga mizigo, na karibu na chumba chake pana duka la vyakula, la Mwarabu mmoja aliyezaliwa Unguja, na dukani pana simu. Uthman alikuja na nambari imeandikwa ndani ya pakiti ya sigara.

Basi ikawa hiyo ndiyo Ijumaa yenyewe. Baba akisikika, mimi ni wa Abubakr. Asiposikika, ami ana miaka miwili mizima ya kuwa walii, na Shekuwe hakuhitaji miaka miwili.

Nilikwenda posta kuulizia. Karani wa simu alikuwa Kaingu, kijana wa Ganda, mkimya, aliyekuwa akikwambia jambo mara moja na ukitaka mara ya pili anakutazama kwanza. Simu za ng'ambo zilipitia Nairobi, kwa opereta. Unaweka pesa zote kabla, na dakika ulizolipia zikiisha, laini inakatwa. Simu zenyewe zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: saa inaanza kuhesabu pindi yeyote wa upande wa pili akiinua mkono wa simu, awe unayemtaka au awe mtoto aliyetumwa chumvi. Ya pili ni ya kuita mtu kwa jina: opereta anamtafuta mwenyewe, na saa haianzi mpaka mwenyewe aje aseme ni mimi hapa. Lakini hiyo ina ada yake juu, na ada si ndogo.

Pesa zilikuwa zangu. Nilikuwa nashona kofia za viua, na kofia mbili nilizozimaliza zilikuwa zimenunuliwa mwezi ule na watu wa harusi. Kaingu akapiga hesabu kwenye pembe ya gazeti. Kwa pesa zile ningepata dakika sita za simu ya kawaida, au tatu za kuita kwa jina. Nichague.

Nilirudi nyumbani natembea polepole. Nilianza kuupima uongeaji wetu, mtu kwa mtu, kama ninavyopima kitambaa kabla ya kukitia mkasi. Ami nilimjua. Mama nilimjua. Baba nilimkumbuka. Tatizo nililiona lina vichwa viwili, na kila kichwa kinataka simu yake.

Nilipowaeleza nyumbani, ami hakusita. Alisema dakika sita, tena hata kuuliza ni ujinga. Nani aache sita achukue tatu? Nikamwambia saa itaanza kwa yule mwenye duka. Akasema mwenye duka ataambiwa amwite Muhidin, Muhidin atakuja, basi. Nikasema, "Ami, tujaribu."

Nikachukua mwiko nikampa uwe mkono wa simu. Mama akakaa kwenye kitanda cha kamba awe baba. Mimi nikasimama chini ya saa ya ukutani. Ami akakohoa, akauweka mwiko sikioni, akaanza. Alimtolea kaka yake salamu kamili, akamwamkia, akamuuliza siha yake, macho yake, goti lake la kushoto lililomsumbua tangu enzi za Siyu. Akamshukuru Mungu kwa kila jibu. Kisha akamletea salamu za watu wa Shela kwa majina. Mama, ambaye alianza kwa kucheka, akaingia na yeye, anajibu kwa sauti nene, anamuuliza ami habari za mkewe na za shamba. Dakika tatu zilipopita ami alikuwa bado yuko kwa mbuzi wa binamu yetu kule kisiwani. Zilipopita sita ndiyo kwanza anasema, "Na sababu ya kukupigia, kaka..."

Mama alikuwa analia kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilimwomba ami, nikamshika mkono kabisa, kwamba siku hiyo moja atoe salamu fupi kisha aombe wakala, ile idhini ya kuniozesha, hayo mengine tutayatuma kwa Uthman akirudi. Ami aliweka mwiko chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonishinda.

"Hafidha," alisema, "huyu ni kaka yangu mkubwa. Alinilea. Sauti yake sijaisikia tangu ameondoka. Leo namsikia kwa mara ya kwanza, nimwambie nini? Nipe wakala, nipe wakala, kama mtu anayeomba moto wa sigara?"

Nikaurudisha mwiko jikoni. Jibu la swali lile, mpaka leo sidhani kama lipo. Lakini pia nilijua kwamba mtu yule yule mwenye maneno matamu hayo alikuwa amekwisha kupokea kikoi kipya kutoka kwa Bwana Shekuwe, na kwamba salamu zikimaliza dakika, hakuna atakayemlaumu. Adabu ndiyo itakayokuwa imeninyima mume. Kama aliyafikiri hayo au hakuyafikiri, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nafikiri yote mawili yalikuwamo moyoni mwake, na yeye mwenyewe hakuyatenganisha.

Alhamisi alinituma niende kuweka simu ya dakika sita, maana ami na foleni hawapatani. Nilisimama mbele ya Kaingu na pesa za kofia zangu. Nilimfikiria baba. Baba hakuwa mtu wa kuitwa akaja mbio. Tangu nilipokuwa mtoto, hodi ikibishwa, baba husema karibu, kisha huvaa kanzu, huvaa kofia, hujitazama kwenye kioo kidogo kilichopasuka, hujipaka hal-udi nyuma ya masikio, ndipo atoke, hata kama aliyebisha hodi ni muuza maziwa. Huyo ndiye atakayeitwa kwenye simu iliyotoka nyumbani kwake. Dakika sita zingekwisha yeye bado anatafuta kofia.

Nikamwambia Kaingu, "Ya kuita kwa jina. Dakika tatu." Akaniuliza jina la anayeitwa, nikalitaja lote, Muhidin bin Shee, akaandika.

Ami nilimwambia Ijumaa asubuhi, mbele ya mama. Kumficha ingekuwa kumtega, na mimi sikutaka aseme baadaye kwamba alidhani ana dakika sita.  Ami akasema basi hizo dakika tatu ni zangu, na adabu ni yake, na kila mtu atachunga chake. Akavaa kanzu yake ya Idi.

Baada ya swala tulifika posta kundi zima: ami, mama aliyevaa buibui lake jipya na kujifukiza udi kana kwamba simu inanusa, Uthman aliyekuwa shahidi wa kwanza, na Maalim Mahdi wa madrasa yetu, shahidi wa pili. Abubakr hakuja, haikufaa aje. Alikuwa kibandani kwake Muyeye, na baadaye aliniambia kwamba siku ile aliifungua redio moja ya mteja na kuifunga tena mchana kutwa bila kutengeneza chochote.

Posta ilikuwa na watu. Foleni ya stempu ilifika mlangoni. Tukakaa kwenye benchi la ukutani mpaka Kaingu akainua kichwa akasema Maskati iko tayari, ingieni kibandani.

Ami akaingia, sisi tukajazana mlangoni. Mkono wa simu aliushika mbali na sikio kama kitu kinachoweza kumng'ata, na laini ilikuwa na kelele, kwa hivyo mimi niliyekuwa ubavuni mwake nilisikia kila kitu. Opereta wa Nairobi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka. Alisema tungoje, anamwita Bwana Muhidin bin Shee. Tukasikia kengele ikilia mbali, kisha mwanamume akaitika na kusema duka. Opereta akamuuliza Bwana Muhidin. Yule akasema yupo, chumba cha tatu, ngoja nimtume mtu.

Tukangoja. Nilikuwa natazama saa ya posta, ile ya juu ya kichwa cha Kaingu, mshale wake mwekundu unazunguka bure, haunihusu. Ukazunguka tena na tena. Ami akaanza kuhamisha uzito mguu huu na huu. Opereta akauliza kulikoni. Mwenye duka akarudi akasema, "Anakuja, anavaa kofia."

Mama aliziba mdomo kwa buibui. Mimi nilimtazama ami, naye akatazama ukuta. Kama ingekuwa simu yake ya dakika sita, hapo ingekuwa tumeshakatiwa laini, tuko njiani tunarudi nyumbani.

Kisha tukamsikia. Baba alikuwa akihema kidogo. Opereta akamuuliza, wewe ndiye Muhidin bin Shee? Baba akamtolea salamu kamili, akamwambia ndiye, akamuuliza na yeye hali yake, na wazee wake wako salama? Yule mwanamke wa Nairobi, pengine hajaulizwa hivyo tangu aanze kazi, akasema wako salama, mzee. Na watoto? Wako salama, mzee, sasa ongea na Malindi. Kaingu akaninyooshea kidole chake juu. Saa imeanza.

"Shikamoo, kaka," alisema ami, na sauti yake ikapasuka katikati.

Nilimhurumia, wallahi. Machozi yalimlenga mtu mzima yule. Baba akasema marahaba, Badawi, marahaba ndugu yangu, waambaje? Na hapo wakaanza. Nilichokuwa nimekisahau kwenye hesabu zangu ni kwamba baba naye ni mtu wa Siyu, na alikuwa amekaa miaka mingi kati ya watu wasiomuuliza goti lake. Kila ami alilouliza, baba alilijibu lote na kurudisha lake. Afya. Macho. Goti. Mkewe ami. Mvua. Mshale mwekundu ulimaliza mzunguko wa kwanza. Nikamgusa ami bega, hakugeuka. Wakaja watu wa Shela kwa majina, na baba kila jina analiitikia "aa, yule, yule, hajambo?" kwa furaha iliyonichoma. Mzunguko wa pili ulikwisha. Nikamwambia, ami, wakala. Akaniinulia kiganja ningoje, kaka yake mkubwa anazungumza. Baba alikuwa amefika kwa mbuzi wa binamu.

 Niliyaona maisha yangu yote yamekaa kwenye ule mshale, na Bwana Shekuwe akitangulia kwa tumbo lake mlangoni kwetu, na mimi nikiwa nimelipia mwenyewe. Nikampokonya ami ule mkono wa simu. Mbele ya Maalim, mbele ya mashahidi, mbele ya foleni ya stempu. Mwari anayeposwa, ambaye haki yake siku ile ilikuwa kuinamisha kichwa na kujifunika uso.

"Baba, ni Hafidha," nilisema. "Mpe ami wakala aniozeshe kwa Abubakr. Sema kwa nguvu, mashahidi wasikie."

Sikumwamkia. Salamu haikunitoka hata moja.

 Kule upande wa pili zikasikika kelele za laini tu, kama mchele unaopepetwa. Nikauvuta mkono wa simu nje ya kibanda mpaka waya ukakataa, nikauelekeza kwa Maalim. Na sauti ya baba ikatoka pale, kubwa, ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Badawi! Nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu Hafidha kwa Abubakr. Nimeridhia. Nimekuwakilisha."

Maalim Mahdi akasema amesikia. Uthman akasema amesikia. Mama mmoja wa foleni ya stempu, hatumjui hatujui kwao, akapiga kigelegele, na Kaingu akamtazama kwa jicho la serikali. Nikaurudisha mkono wa simu sikioni haraka nimwamkie baba, nimwombe radhi, nimpe mama japo neno moja.

"Hafidha," alisema baba. Sasa alisema polepole, kwa sauti ya chini.

Kisha opereta akaingia akasema dakika zimekwisha, na laini ikakatika.

Ami alitoka kibandani akasimama kwenye baraza ya posta akijipangusa uso kwa leso. Nilitarajia anipige. Alisema jambo moja tu. "Umemwondokea babako bila shikamoo." Kisha akawageukia mashahidi akawaambia kwamba yeye amewakilishwa, na ataozesha. Na kweli aliozesha, Ijumaa iliyofuata, msikitini, bila kuvuta hata siku moja, na kile kikoi alimrudishia mwenyewe kwa mkono wake. Kwa hilo namheshimu mpaka kesho.

Mama hakupata kusema na mumewe. Nilimwomba msamaha njiani, akaniambia nisijisumbue, amemsikia akipiga kelele, na alikuwa hajamsikia akipiga kelele tangu siku nilipoanguka kisimani. Alikuwa akitabasamu chini ya buibui, lakini udi wake ulikuwa bado unanukia, na roho iliniuma.

Nilipata mume niliyemtaka. Sikujuta siku hata moja. Lakini lile jina langu, alivyolisema baba mwisho pale, lilinikalia kifuani. Nililigeuza kila upande. Alikuwa amekasirika? Kuna namna ya kumwita mtoto jina lake inayotangulia kumgombeza, na kuna namna nyingine. Nilikuwa siwezi tena kukumbuka ilikuwa ipi. Kambini hakuna simu. Nilituma salamu kwa kila aliyekwenda Maskati, shikamoo baba, shikamoo baba, lakini Maskati si jangwani, na shikamoo inayopitia mikono ya watu wanne hujui inafika kwa sura gani. Nikazaa mtoto wa kike, tukamwita Zeina, na habari hiyo nayo nikaituma hivyohivyo. Kilichorudi kilikuwa salamu za baba kwa nyumba nzima, jina kwa jina, na langu limo katikati ya mengine.

Alirudi mwaka wa themanini na sita, kabla ya mfungo. Ami alikwenda kumpokea stesheni ya basi. Mimi nilikuwa nimekuja kwa mama tangu asubuhi, nimepika, nimefagia, na niliposikia kishindo chao uchochoroni nikambeba Zeina kiunoni nikaenda kusimama mlangoni. Mama alinipisha. Alisema, nenda wewe kwanza.

Baba alikuwa amekonda na ndevu zimekuwa nyeupe. Kanzu imenyooka, kofia imekaa. Nyuma yake ami amejitwika sanduku la bati begani, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akasema, akasimama. Hakusogea kuingia. Akaweka mfuko wake chini.

Basi nikaanza. Nilimuuliza siha yake. Nilimuuliza macho yake, na goti lake la kushoto. Nilimuuliza alivyolala jangwani, na alivyokula, na wenzake aliokaa nao, na bahari alivyoivuka. Alinijibu yote, moja moja, anamshukuru Mungu kwa kila moja, akaanza kunirudishia: mume wangu, mama mkwe wangu, kibanda cha Muyeye, mtoto huyu, meno yameota mangapi. Jua lilikuwa la saa sita na kivuli cha mlango kilikuwa changu peke yangu. Majirani walitoka kumlaki wakajipanga ukutani.

"Jamani," alisema ami chini ya sanduku lake, "mtu aingie kwanza. Mtaamkiana ndani."

"Ngoja, Badawi," alisema baba bila kugeuka.

Nikaona nikinyamaza sasa sitamuuliza tena maishani. Nikamwambia, "Baba, siku ile ya simu uliniita jina langu, laini ikakatwa. Ulitaka kunigombeza?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Kisha akaelewa, na uso wake ukalegea.

"Nilitaka kukuuliza hali yako," alisema. "Kila mtu nilikuwa nimekwisha kumuuliza, mpaka mbuzi. Ulibaki wewe." Akainyoosha kofia yake kwa mikono yote miwili. "Waambaje, mwanangu?"

Nililia pale mlangoni mbele ya majirani, na Zeina akalia kwa kuniona mimi. Nilipoweza kusema, nilimwambia. Nilianzia siku ile ya posta nikaja nayo mpaka pale tuliposimama, sikuruka kitu, na ami akatua sanduku chini akalikalia.